Chenga Juu ya Alama ya Ng'ombe

Shinyanga walinijua kwa picha za harusi na za vitambulisho, kazi za juani. Kwa hiyo mjane mmoja aliponifuata studioni kwangu, mtaa wa Kambarage, akitokea machimbo ya Geita, akaniomba nikapige picha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, nilimwuliza mara mbili kama hajakosea mlango. Hakucheka.

Marehemu mumewe alikuwa amechonga ukutani, chini kule, alama ileile aliyowachomea ng'ombe wake: mwezi mchanga, na vikato viwili chini yake. Kuanzia hapo mwamba ulikuwa wake. Sasa kiongozi wa kundi jirani alidai ule ni ufa tu, na maji yalikuwa yakipanda shimoni, karibu kuifunika. Siku tuliyofika ndiyo siku ya kesi. Wazee wangeamua alasiri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na magoti ya kuteremka ngazi za magogo. Bila picha, yule mayu, yaani mama, kama wote walivyomwita, na wanawe wangetoka mikono mitupu.

Balbu za flashi zilikuwa zimeadimika madukani, na hata ningezipata, mwamba uliolowa ungenirudishia mng'ao mtupu. Ilibaki kuweka karabai pembeni, kuacha lenzi wazi muda mrefu, na kuomba pasitikisike kitu. Tulipoteremka, yule kiongozi jirani alisimama karibu nasi, mikono kiunoni. Nikamwomba vijana wake waache nyundo kwa dakika ishirini. Akasema mbili. Tukavutana pale gizani kama watu wa mnadani, mbuzi hayupo.

"Kumi," akasema mwishoni. "Halafu unapanda na kamera yako, au inabaki."

Kumi zilitosha picha moja iliyoshiba mwanga. Lakini mimi hata chenji ya kiberiti naihesabu mara mbili. Nikapiga picha mbili, tano tano, kamera palepale juu ya mfuko wa mchanga, yeye akikohoa kila nilipogusa kitu.

Kwa mayu niliziba ghala kwa mablanketi. Dawa ya kusafishia filamu niliiacha uani, chupa yake imesimama ndani ya ndoo ya maji ya mtungini, ipoe. Dawa ikiwa na joto, chembe za filamu huvimba na kushikana, picha ikajaa chenga. Nilipomaliza kuziba nikaichukua chupa mbiombio, nikafunga mlango, nikamimina. Filamu ilikuwa imeshazama ndipo kidole kikakuta uvuguvugu.

"Mayu," nikaita kupitia ukutani, "ndoo yangu imefanywa nini?"

"Nimeongeza maji ya moto, baba. Mgeni wangu haogi ya baridi. Ile chupa nikadhani mafuta yako ya kujipaka."

Filamu ikishalowa dawa hairudi nyuma. Nikapunguza muda, nikatoa negativu mbili zilizopauka, zimetapakaa chenga kama mtama ulioanikwa. Kwenye ya kwanza kikato kimoja kilionekana, kwenye ya pili nacho kikawa cha kubahatisha. Jirani angesema ufa, na mimi mwenyewe ningeshindwa kumbishia. Jua lilikuwa limeshapinda.

Nikazihesabu tena, moja, mbili, na hapo ndipo akili ikafunguka. Chenga hutua popote. Haiangukii pale pale mara mbili. Alama haikuhama. Nikazipandisha negativu moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa mlangoni, nikazisogeza unywele kwa unywele hadi mwezi ukalala juu ya mwezi. Chenga za hii zikapotelea kwenye nafasi za ile. Vikato vikajitokeza wazi. Nikachapa picha kupitia zote mbili kwa pamoja.

Kwenye kesi mzee mkuu aliishika ikiwa bado mbichi, akaileta karibu na miwani. Kisha akampa jirani.

"Ukimkuta ng'ombe mwenye alama hii kwenye shamba lako, unamrudisha kwa nani?"

Jirani aliitazama picha, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Akamtazama mayu.

"Kwake," akasema.

Jioni mayu aliniwekea tena ndoo. Nikayapima maji kwa kidole, mara mbili, ndipo nikaoga.