Kucha za Mbangua Korosho

Mpaka leo nikisikia mwanamke anasema "rangi za yule dada zinabanduka," natamani nimshike mkono, nimkalishe kitini, nimuulize: jana ulipotoka kwangu ulifanya nini? Ulikwenda kumenya mihogo. Ulifungua kopo la maziwa kwa ukucha na kisu kiko mezani kinakutazama. Ulifua mashuka ya nyumba nzima. Halafu leo unasimama sokoni, umewanyooshea wenzako vidole, unasema saluni ile ni ya matapeli. Matapeli! Mimi?

Nilianza kupaka watu kucha Nachingwea miaka ya tisini, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, hata kusuka sijajua vizuri. Ilikuwa rangi ya kawaida ya chupa. Wateja wangu walikuwa wake za walimu, manesi, na wasichana waliokuja kutoka Marambo na Mkotokuyana sikukuu ikikaribia. Rangi ile ikikaa siku chache watu wanashukuru. Ikimeguka, mtu anaimalizia kwa meno mwenyewe akiwa anapiga soga, basi, hakuna kesi. Kesi zilikuja na jeli.

Jeli niliipata miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Dada yangu aliyeolewa Dar aliniletea taa ya kukaushia, kiboksi cheupe unachoingiza vidole, kikawaka mwanga wa zambarau. Watu walikuja kukitazama tu, wengine hawana hata nia ya kupaka. Na kwa sababu nilifungua mdomo wangu nikasema rangi hii inakaa wiki mbili bila kumeguka, kila aliyemegukiwa alinijia juu mikono kiunoni.

Jamani, masharti niliyasema! Sikuyaficha. Adui wa jeli ni mafuta. Kupaka jeli kwenye ukucha wenye mafuta ni sawa na kubandika stempu juu ya kitumbua. Lazima nisukume nyuma ile ngozi laini inayopanda juu ya ukucha, maana rangi ikiilalia, hapo hapo ndipo itakapoanzia kunyanyuka. Nikwaruze ukucha taratibu kwa tupa ndogo mpaka mng'ao uishe, niufute kwa spiriti, na kuanzia hapo usiguse kitu, usijishike nywele, usijikune shavu. Rangi napaka nyembamba, naikausha, napaka tena. Ukiipaka nene, juu inakauka, chini inabaki uji. Na ncha ya ukucha naifunga kwa rangi, kwa sababu maji yanapenda kuingilia pale. Kazi yote hiyo, halafu mtu ananyoosha mkono kwenye mkoba wake, anatoa kichupa, anajipaka mafuta mbele ya macho yangu!

Sasa huku kwetu ukimwambia mtu asijipake mafuta, umemtukana. Mtu mwenye adabu zake hatoki nyumbani mikono imepauka. Wateja walikuja wanang'aa mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nawapeleka kwanza kwenye beseni la maji ya sabuni kama watoto wa chekechea, nao wananuna. "Kwani mimi mchafu?" Hapana mama, wewe msafi sana, ndiyo tabu yenyewe.

Basi, Ijumaa moja asubuhi akaingia binti na mama yake. Walikuwa wametoka Likunja, upande wa Ruangwa, kwa gari la alfajiri, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Harusi ya binti ilikuwa kesho yake, Ruangwa mjini, na mimi nilikuwa nimeshakubali kwenda kumpamba. Nikamwambia aweke mikono mezani nione.

Akaiweka, halafu akaitoa kidogo, halafu akaiweka tena. Kucha zilikuwa nyeusi, zimepakana na ngozi iliyobambuka na kuota upya, vidoleni kuna mabaka kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa mbangua korosho. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta makali, yakikugusa yanachoma, na weusi wake hautoki kwa sabuni wala kwa limao. Yeye na mama yake walibangua nyumbani kila msimu: wanakaanga, wanagonga kwa jiwe, wanatoa korosho nyeupe ambayo wewe unainunua kwenye kifuko ukidhani imeota hivyo.

"Dada," akasema, "nataka kucha hizi zisionekane. Kesho tu. Kesho ikipita, basi."

"Nani anakukagua kucha siku ya harusi?"

Akamtazama mama yake. Mama akatazama mlango. Ndipo binti akaniambia. Mama mkwe wake, mjane mwenye duka la vitenge pale Ruangwa, alisema siku walipopeleka posa kwamba mwanawe ni karani wa serikali, hawezi kumletea nyumbani mikono ya kubangulia. Alisema mbele za watu. Mchumba alimwambia binti ayapuuze, mama ndivyo alivyo. Lakini mtu hayapuuzi maneno kama yale. Alikuwa ameyabeba mpaka mezani kwangu.

Damu ilinichemka. Ruangwa! Mji ambao kila bati juu ya nyumba limetokana na korosho, wewe mwanamke unamkataa msichana kwa sababu ya korosho? Na hivyo vitenge vyako unamuuzia nani, malaika? Nikamwambia binti, sikiliza, mdogo wangu, kesho hakuna mtu atakayeuona ukucha wako. Na niliposema hivyo nilikuwa namaanisha.

Nilimwosha mikono mwenyewe. Nikasukuma ngozi pole pole kwa sababu nyingine ilikuwa bado kidonda. Nikakwaruza, nikafuta kwa spiriti, na harufu ya spiriti ikajaa chumba. Mama mtu alikuwa amekaa kwenye benchi, kitenge kimefungwa vizuri. Kwao wanaongea Kimakua, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi kifupi. Akauliza jambo moja tu.

"Dawa hiyo, inachoma?"

"Haichomi, mama."

Umeme ukakatika. Nachingwea ya wakati ule, ungeshangaa usingekatika. Nikamwambia binti, mikono juu hivyo hivyo, usiguse kitu. Nikatoka uani kuwasha jenereta, nalo siku ile lilikuwa na kiburi chake, nikavuta kamba mpaka bega likauma. Niliporudi binti alikuwa ameketi kama nilivyomwacha, mikono juu. Nikapaka rangi ya msingi, nikakausha. Nikapaka damu ya mzee, ile nyekundu nzito isiyopenyeza kitu, mara mbili, nyembamba, nikafunga ncha zote, nikamalizia na ile ya kung'arisha. Weusi ukazama kabisa. Binti akageuza mikono huku na huku, akacheka, akajifunika nayo uso, akacheka tena. Nilifurahi kuliko yeye.

Jumamosi nilikuwa Ruangwa mapema. Nikamsuka, nikampaka uso, tukaenda kanisani. Bwana harusi, yule karani, akamvisha pete, mkono wa bibi harusi umenyooka mbele ya watu wote, kucha zinawaka, na mimi pale benchi la tatu nimevimba kichwa. Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa anautazama ule mkono, anatafuta kasoro, haioni. Nikasema moyoni, nyoo!

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa shule. Maharusi wakanawishwa maji ya moto kwa ajili ya chakula, wakala, na nilipopita nyuma ya kiti chake kumtengenezea shela, akanishika gauni.

"Dada, inanyanyuka."

Nikaangalia. Dole gumba, rangi imeachia kuanzia chini, imesimama kama ganda la kitunguu. Kidole cha pili pia. Nikamwinua kwa kisingizio cha shela, nikamwingiza kwenye chumba cha madaftari kilichokuwa pembeni, mama yake akatufuata. Nikabonyeza kucha moja moja. Zote! Zote zilikuwa zinacheza. Kasoro hii haikuwa ya maji wala ya ncha, hii ilikuwa ya mafuta. Mafuta yaliyokuwa chini ya rangi.

"Nani alikugusa?" Nilikuwa nafoka kwa kunong'ona. "Nimekuosha, nimekufuta. Nani alikugusa mikono?"

"Mimi," akasema mama yake.

Nikageuka.

"Mimi, mwanangu. Ulipotoka kuwasha mashine. Dawa yako ilinuka kali. Nikaona itamchoma. Nikampaka mafuta kidogo, nikafuta na kitenge."

Loo! Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa. Wabanguaji wote hufanya hivyo, kabla ya kugusa ganda wanapaka mikono mafuta ili ule ukali usipate ngozi. Alimkinga mwanawe na rangi yangu kama alivyokuwa akimkinga na korosho tangu akiwa mtoto, na akapangusa vizuri nisione, na binti akakaa kimya kwa sababu aliyempaka ni mama yake.

"Mama, si ulinisikia? Nilikwambia haichomi!"

"Nilisikia," akasema. "Hata mimi nilipoanza kubangua waliniambia haichomi."

Hasira ilikuwa bado iko pale, ila haikuwa na pa kwenda. Taa yangu ilikuwa Nachingwea. Nikambana binti vidole, nikamwambia akunje ngumi, ashike maua, keki akate mumewe. Nje tulisikia mshereheshaji ameshaanza kumwita bibi harusi akalishe keki wakwe zake.

Mnajua inavyokuwa. Bibi harusi anapiga magoti, anachukua kipande kwa mkono wake, anamlisha mama mkwe, watu wanapiga vigelegele. Hakuna maua ya kushika hapo. Binti akapiga magoti. Akachukua kipande kwa vidole viwili, amevibana kadiri alivyoweza. Mama mkwe akafumbua mdomo, akapokea, akaanza kutafuna huku anatabasamu kwa ajili ya picha. Halafu akaacha kutafuna. Akaingiza kidole mdomoni, akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga. Lilikuwa ganda la rangi, damu ya mzee, zima zima, lina umbo la ukucha.

"Mama kapewa zawadi mapema!" akasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti, na watu wakacheka. Mpumbavu mkubwa. Sijamsamehe mpaka leo.

Mama mkwe hakucheka. Akaukamata mkono wa binti, akaunyanyua juu, dole gumba liko wazi, jeusi.

"Haya, oneni wenyewe. Si nilisema? Wamezipaka rangi, wamenileta hapa nidanganyike. Mikono ya kubangulia ni mikono ya kubangulia."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na maneno tayari, na yalikuwa machafu, na ningeyasema mbele ya padri na mbele ya watoto. Anasema wamedanganya! Kuficha kidonda kwa siku moja ndiyo udanganyifu? Na wewe hilo wigi kichwani ulizaliwa nalo? Nikasukuma kiti.

Binti akautoa mkono wake. Hakuunyakua, aliutoa tu. Bado alikuwa amepiga magoti. Akaanza kubandua rangi, ukucha mmoja, ukucha mwingine, hana haraka, na zilikuwa zinatoka kirahisi kweli, kazi yangu yote ile, akizipanga pembeni ya sahani ya keki. Mumewe akashuka kitini, akapiga magoti kando yake, suti na vumbi la sakafuni. Mimi nilifikiri hilo lilikuwa la kutosha kwa mwanamume ambaye mama yake ndiye huyo.

Zilipokwisha zote, binti akachukua kipande kingine cha keki. Kucha nyeusi, ngozi iliyobambuka, mabaka, vyote juu ya ile sukari nyeupe.

"Mama," akasema, na ukumbi wote ulimsikia bila kipaza sauti, "kile cha kwanza kilikuwa na rangi. Hiki hakina."

Akamsogezea mdomoni, akasubiri.

Mama mkwe akainua macho kutafuta wa kumuunga mkono. Meza za mbele wamekaa ndugu wa binti kutoka Likunja, wote wanawake, wabanguaji kama yeye, mikono yao juu ya vitambaa vya meza. Sasa hakuna aliyeikunja. Myeusi kwa myeusi, meza baada ya meza, na hata upande wake mwenyewe aliona wawili watatu wameiweka mikono yao mezani pia. Mkono wa binti haukushuka.

Mama mkwe akafumbua mdomo. Akatafuna taratibu, macho yake chini, na safari hii hakukuta kitu cha kutoa.