Safari ya kreta ya Marsabit niliyoipanga, na kiondo cha mama kilivyoivuruga

Wakuu, hamjambo humu. Naona vijana mnaulizana njia ya kwenda hifadhi ya Marsabit kuona kreta. Mimi nilipanga safari hiyo mwishoni mwa miaka ya themanini, na nasimulia bila kutia chumvi. Mama yuko hai na mjukuu wake humsomea hizi nyuzi, kwa hivyo nikidanganya nitaitwa nyumbani.

Nilikuwa karani mjini, nikiishi na mama kule Waithaka, pembeni mwa mji. Mzee alikuwa kazini Mombasa. Rafiki yangu Jaspal, ambaye familia yake ilikuwa na duka la spea karibu na ofisi yetu, alikuwa na Land Rover kuukuu.

Tangu darasa la saba, mwalimu wa jiografia alipotuambia kuna ziwa ndani ya mlima uliowahi kulipuka, nilitaka kuliona kabla sijafa. Kila lunch tulikaa River Road na chai tukipanga: mafuta ya akiba, maji, mahali pa kujiunga na convoy ya polisi ya kulinda magari kule Isiolo. Hata buti nilinunua Gikomba.

Shida ilikuwa akina mama.

"Huo mlima ulilipuka?" mama aliniuliza.

"Zamani sana, mama. Saa hii umelala."

"Na kitu ikilala si huamka?"

Huko kwao Ngara, mama yake Jaspal naye alisema mwanawe haendi popote na mtu ambaye hajui amelelewa na nani.

Ndipo nikatoa idea yangu: tuwakutanishe. Wakionana, watatulia.

Sasa mnajua mama wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu. Alijaza kiondo ndizi, viazi na maziwa, tukaenda Ngara. Na kiondo cha mtu hakirudishwi kikiwa kitupu. Mama Jaspal hakuhitaji kufundishwa, kwao nao ni hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata akakileta Waithaka kimejaa chapati, achari na vile vitamutamu vya ladu.

Mama angekubali kushindwa? Kikaenda na maharagwe. Kikarudi na bhajia. Kikaenda na kuku mzima, akiwa hai, na Mama Jaspal hali nyama. Wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kiondo kilisafiri, sisi tukabaki na ramani.

Jumapili moja tukawakuta jikoni kwetu wameitandaza ramani yenyewe mezani.

"Jaspal, hii convoy natoka saa ngapi?" Mama Jaspal aliuliza.

"Mummy, kwa nini?"

"Sisi pia tunakuja. Nyinyi mkikufa, tunakufa pamoja. Msipokufa, tutaona hiyo ziwa."

Sikupinga. Gari lilikuwa na nafasi, na kwenda na mama ni afadhali kuliko kutokwenda.

Kisha mama akauliza, "Na Wairimu atakamuliwa na nani?"

Wairimu alikuwa ng'ombe wetu. Alikuwa amezaa juzijuzi na hakubali mkono mwingine ila wa mama na wangu. Jirani aliyejaribu alipigwa teke akaangukia kwenye majani ya nepia.

Wote wakaniangalia. Jaspal, msaliti yule, akaangalia chai yake.

"Bro, mimi ndio dereva," alisema.

Wakuu, nilikasirika vibaya sana. Asubuhi ya safari mama alipanda gari amevaa buti zangu na soksi juu ya soksi, akanipungia mkono. Nilibaki na ndoo.

Waliporudi nilikuwa nimejiandaa kununa. Mama aliketi kitandani hata buti hajavua, vumbi hadi kwenye nyusi, akanieleza ukungu, ndovu wakinywa maji, na lile ziwa limetulia chini kabisa. Chai ikapoa.

Mwishowe akasema polepole, "Unajua hii ndio safari ya kwanza nimeenda tangu nizaliwe, na hakuna mtu amekufa wala ameolewa?"

Kununa kukanishinda. Nilimvua zile buti mwenyewe.

Funzo ni hili: ukitaka ruhusa, omba ruhusa tu. Usiwakutanishe akina mama, na kama umewakutanisha, ficha ramani.

Haya, mliofika huko karibuni semeni: ziwa bado lina maji? Mimi sijafika hadi leo. Mama amesharudi mara mbili.