Kitabu Nilichokisoma kwa Ubishi

Mama alikuwa akiuza sambusa sokoni Bugolobi, hapa Kampala, na mwaka ule karatasi ya kufungia ilikuwa haipatikani hata kwa dawa. Baba alikuwa askari wa jeshi. Tulipohamia flati aliyoiacha Muhindi mmoja, serikali ilipowafukuza Wahindi nchini, alitufungulia kabati la vitabu akasema, "Chaneni hivi."

Kazi ya kuchana ikawa yangu. Nilikuwa namaliza sekondari, binti mbishi kweli kweli, nikaona niwe nasoma kwanza. Ukurasa ulioniudhi ndio uliotangulia kufungia sambusa. Uliosema ninayoyaamini niliuweka. Nikajiona msomi, kumbe nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Siku moja nikafungua kitabu cha historia ya nchi hii, kimeandikwa na Mzungu, moyoni nasema, haya Mzungu, nidanganye nikuone. Nilikibishia kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, hadi mama akauliza nagombana na nani. Kisha nikafika palipoandikwa habari zetu sisi Wanubi. Kwamba babu zetu walikuwa askari waliotolewa Sudani, wakaletwa Kampala kumlindia Mzungu ngome yake, wakapewa bunduki wawapige wenyeji.

Loo! Nilisimama wima. Sudani nilikuwa naisikia kwenye nyimbo za harusi za bibi zetu, nikadhani ni mahali pa hadithi tu. Na babu zetu niliambiwa ni mashujaa. Nani aliwahi kuniambia walimpigania nani? Wallahi nilitaka kukichana kile kitabu vipande vipande. Siku Wahindi walipokuwa wakiondoka, mimi ndiye niliyepaza sauti barabarani kuliko wote: "Rudini kwenu, nchi ina wenyewe!" Wenyewe gani?

Baba aliporudi jioni nilimsomea ile habari hata kabla ya kumwamkia. Nikangoja kibao. Badala yake aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa.

"Ni kweli," akasema.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Tangu utotoni. Shuleni kila siku wenzangu walikuwa wakiniuliza kwetu wapi."

Nilichoka kabisa. Mtu huyu huyu ndiye aliyenifundisha kusema nchi ina wenyewe! Nilimtazama kana kwamba namwona kwa mara ya kwanza. Nilijiuliza ni mangapi mengine niliyoyameza bila kutafuna.

"Sasa baba," nikasema, "Muhindi wa nyumba hii amezaliwa hapa hapa Kampala, na amefukuzwa. Sisi je?"

Mama, aliyekuwa akikanda unga, aliacha.

"Mwanangu," baba akasema kwa sauti ya chini, "mtu aliyevaa magwanda haulizwi kwao wapi."

"Na siku ukiyavua?"

Tulimngoja sote wawili, mimi na mama. Aliinuka tena, akaenda kuhakikisha kwamba dirisha limefungwa.