Ghala Lisilojengeka Tena

Hakuwa na mtoto, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Seva. Jina alipewa na fundi cherehani wa jirani, aliyeingia siku moja kuomba kuchaji simu, akaikuta kompyuta kubwa ya mezani imefunikwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akauliza, "Na huyu naye anaitwa nani?" Mume wa mwenye nyumba akajibu bila kutabasamu, "Seva." Kesho yake jina lilikuwa limeshafika dukani, na mwenyewe hakulikataa.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye upara, ambaye wanafunzi wakimwambia akili ni nywele aliwajibu kwamba zake zimeotea ndani. Mama Seva alikuwa mtunza maabara ya kompyuta katika chuo cha ualimu. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi kwenye kibodi, kufufua mashine zilizokata tamaa, na kuwatimua wanachuo waliokuja kutazama mpira. Jioni, kwenye chumba chao cha mbele, mke na mume waliandika programu ya kuendesha seva ya barua pepe, yaani kompyuta inayopokea na kusambaza barua za ofisi nzima.

Programu za namna hiyo ni tele, ila nyingi zimetungwa na watu ambao kwao umeme haukatiki. Yao ilikuwa ya zahanati, shule na ofisi ndogo ambako mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Barua ikishindwa kutoka, programu iliiweka ghalani. Umeme ukikatika, ghala halikupoteza hata herufi. Mambo yakitengemaa, barua ilikwenda zake. Waliitoa bure mtandaoni pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, ili yeyote aisome, airekebishe na aitumie. Ikaenea polepole, mtu akimnong'oneza mtu.

Kazi waligawana kama watu wanavyogawana kazi za nyumbani. Mwalimu aliandika ghala. Mama Seva aliandika yaliyobaki, na Jumamosi yeye ndiye aliyejenga toleo jipya. Kujenga ni kuyachukua maandishi ya mtunzi wa programu, ambayo mashine haiyaelewi, na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Aliifanya kazi hiyo kwa mkono, amri baada ya amri, kama mpishi asiyepima chumvi: hiki kabla ya kile, kile kikigoma rudia, kisha jaribu, kisha funga, kisha pandisha mtandaoni. Hakuwahi kuandika utaratibu huo popote. Ulikuwa vidoleni mwake.

Mwalimu alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, ameketi kwenye benchi la kinyozi alikokwenda kunyoa ndevu. Msiba ulipoisha watu walitawanyika, akabaki mama mkwe, ambaye alikuja kuzika akasema hana haraka ya kurudi. Shemeji, mdogo wa marehemu, aliomba laptopu ya kaka yake kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaingia chuo. Mama Seva akampa. Kompyuta ya mezani ilibaki, na Jumamosi zikaendelea kama kawaida, ila kiti cha pili kilikaliwa na nguo za kupiga pasi.

Mtu aliyemsaidia kwa mbali hakuwahi kumwona uso. Alikuwa msimamizi wa mitambo katika hospitali ya nchi nyingine, akijiita Jongoo mtandaoni, kwa sababu, alisema, miguu anayo mingi lakini hafiki haraka. Ndiye aliyeanza kumsumbua.

"Dada, tufanye kujenga kuwe kwa otomatiki. Mtu akibadilisha msimbo, mashine ijenge yenyewe."

"Na mimi nifanye nini Jumamosi?"

"Ulale. Siku ukiugua wewe, sisi sote tumeugua."

Alicheka, akampuuza. Kisha akaugua kweli. Akiwa kitandani na homa, mtu aligundua tundu katika programu ambalo mwizi angeweza kupitia. Jongoo akaliziba siku ileile, lakini kuziba kwenye msimbo si kuziba kwenye seva za watu. Lazima toleo jipya lijengwe, na wa kulijenga alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Alipoinuka, alikuta barua kutoka shule moja ya bweni. Seva yao ilikuwa imeingiliwa, na barua za wazazi zilikuwa zimesomwa na kutawanywa. Aliyeandika hakumlaumu. Aliuliza tu kwa adabu kama kuna dawa.

Mama Seva akamwandikia Jongoo, "Tuanze."

Kikundi kimoja cha wanaojitolea kiliwaazima mashine ya kujengea, iliyokaa huko inakokaa. Ilikuwa mashine isiyo na historia. Kila ilipoitwa ilizaliwa upya, tupu, ikachukua msimbo na kufuata maagizo mstari kwa mstari. Ikifaulu, ilitoa alama ya kijani, ikishindwa, nyekundu. Mama Seva akaanza kuyatoa vidoleni yaliyomo na kuyaandika yawe maagizo.

Nyekundu. Mashine haikuwa na programu ndogo ambayo yeye aliiweka zamani kwenye kompyuta yake akasahau. Akaiongeza. Nyekundu tena: mahali fulani katika msimbo palikuwa na jina la folda yake mwenyewe, kana kwamba dunia nzima inaishi chumbani kwake. Akalifuta kwa aibu. Kila kosa lilikuwa jambo alilowahi kulifanya kwa haraka akiwaza kwamba atarudi. Hata hivyo alifurahi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mama mkwe alimsikia akipiga mluzi, akamwambia mwanamke hapigi mluzi ndani ya nyumba, naye akaendelea kwa sauti ya chini.

Kisha mashine ikasema haioni ghala.

Alidhani ni kosa dogo kama mengine. Akafuata mstari unaoita ghala, akakuta unaelekeza kwenye folda ya Mwalimu ndani ya kompyuta ya mezani. Akaifungua. Mlikuwa na faili moja tu, lililokwisha kujengwa: linaendeshwa na mashine, lakini halisomeki na binadamu.

Ndipo akakumbuka. Ghala la mwanzo, lile lililokuwa hadharani mtandaoni, lilikuwa linapoteza barua umeme ukikatika. Mwalimu alilisuka upya kwenye laptopu yake, akalijenga hukohuko, akaleta kwenye kompyuta ya mezani faili lililokwisha kujengwa tu, ili mkewe alitumie. Msimbo wenyewe, alisema, ataupandisha ukishakaa vizuri. Alikuwa mtu asiyependa kuonyesha hesabu kabla hajaipigia mstari chini. Mstari haukupigwa. Miaka yote hiyo Mama Seva alikuwa akiwatangazia watu kwamba programu iko wazi, msimbo wote huu hapa, na kumbe moyo wa programu ulikuwa umefungwa, naye akidhani mumewe alishaupandisha.

Alipekua diski za zamani kwenye kabati, akapekua barua pepe walizoandikiana, akapekua hata simu ya marehemu iliyokuwa imevimba betri. Mwishowe akaenda kwa shemeji.

Shemeji alikuwa fundi wa friji. Alimkuta amechuchumaa kati ya majokofu yaliyofunguliwa migongo, mikono imejaa grisi, akampa kiwiko badala ya mkono.

"Karibu shemeji. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Shemeji, ile laptopu ya kaka yako bado ipo?"

"Ile?" Akafikiri. "Binti aliitumia mwaka wa kwanza. Ikawa nzito, mafundi wakamfutia yote iliyokuwa nayo. Halafu ikafa kabisa, tukaitoa vipuri. Kwani kulikuwa na nini?"

"Kazi yake."

Shemeji alisimama polepole, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono, akafuta muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji. "Ningejua, ningeifungia sandukuni."

"Ungejuaje? Mimi niliyekupa sikujua."

Alimtolea kigoda akae. Hakukaa. Shemeji akamsindikiza mpaka barabarani.

Alimwandikia Jongoo yote. Kisha wakazungumza kwa simu.

"Tuliweke faili lenyewe lilivyo," Mama Seva alisema. "Mashine iliunganishe tu."

"Dada, hatuwezi kumpa mtu kitu ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukisoma. Leo likipata tundu, tutaliziba vipi?"

"Limefanya kazi miaka yote."

"Kwenye mashine za zamani. Mpya nimejaribu, zinalikataa. Siku kompyuta yako ikifa, ndio basi."

Alijua ni kweli, na kwa kuwa ni kweli akakasirika, akakata simu. Baadaye aliandika kuomba radhi. Jongoo hakuwa na kinyongo. Alikuwa ameshaanza kulifumua lile faili kwa zana za kufumulia, ili lisomeke na binadamu. Kilichopatikana kilikuwa kurasa na kurasa zisizo na jina hata moja, kama mifupa ya samaki sahanini: unajua alikuwa samaki, hujui alivyoogelea. Mama Seva alizisoma baada ya kazi. Hapa na pale alitambua mkono wa mumewe, namna yake ya kuhakikisha jambo mara mbili kabla ya kusonga. Lakini kwa nini alifanya hiki kabla ya kile, hakuelewa. Alikuwa amelala na mtu huyo kitanda kimoja na hakuwahi kumuuliza.

Akaamua kupiga moyo konde na kulisuka ghala mwenyewe, kuanzia lile ghala la mwanzo. Aliandika, akajaza barua za majaribio, kisha akachomoa waya ukutani ili kuigiza umeme uliokatika. Akachomeka tena. Barua nyingine zilirudi, nyingine zilipotea, na moja ilirudi imejirudia kama kasuku.

"Unaiua kompyuta ya mwanangu," mama mkwe alilalamika kutoka kwenye mkeka.

"Naijaribu, Mama."

"Mbona mwenyewe hakuwa anaichomoa?"

Alichomeka tena waya. Pengine Mwalimu naye alikuwa akiichomoa, wakati mkewe yuko kazini.

Masika yalipita na kiangazi kikaingia. Alipunguza barua zinazopotea, lakini hakuzimaliza. Ghala lake lilikuwa zuri mahali penye umeme wa uhakika, na mahali penye umeme wa uhakika hakuna aliyelihitaji. Siku moja, wakati wa mapumziko chuoni, kompyuta za maabara zikivuma mbele yake bila watumiaji, alikubali kwamba hatafika. Akaliweka ghala lake katika msimbo, akaondoa mstari ulioelekeza kwenye folda ya Mwalimu, akaiita ile mashine ya kujengea.

Ikajenga. Ikajaribu, ikafunga, ikapandisha mtandaoni, yote bila mkono wake. Alama ya kijani ikatokea. Jongoo akaandika, "Hongera, Dada," bila utani wowote baada yake.

Mama Seva alikuwa ameandika tangazo la kweli: toleo hili linajengeka na yeyote, popote, ila umeme ukikatika ghafla linaweza kupoteza barua, kinyume na la zamani. Watu walisoma. Wengine walishukuru kwa ukweli wake, wakahamia programu nyingine. Wengi hawakuandika kitu. Mwaka haujaisha, hospitali ya Jongoo ilinunua mfumo mwingine, naye akapangiwa kuusimamia huo. Aliaga kwa barua ndefu, akaahidi kuchungulia mara mojamoja. Mwanzoni alichungulia.

Mashine ya kujengea haikuwa na habari. Waliipangia kujenga kila siku kuhakikisha hakuna kilichoharibika, na kila siku ilizaliwa upya, ikachukua msimbo uleule ambao hakuna aliyeugusa, ikaujenga, ikatoa kijani.

Jumamosi moja, akikunja nguo, aliona barua kutoka kwa muuguzi wa zahanati asiyemjua. Muuguzi alieleza kwamba walihamia toleo jipya, wakapoteza majibu ya vipimo yaliyokuwa yanasubiri kwenda. Mgonjwa mmoja alisafiri mara mbili bure. Sasa wamerudi kwenye toleo la zamani, ambalo halina shida, ila mashine yao imechoka na mpya hailikubali. Aliuliza: lile la zamani mtalitengeneza tena lini?

Mama Seva alianza kujibu mara kadhaa. Aliandika kuhusu mumewe, akafuta. Aliandika kuhusu laptopu, akafuta. Mwisho akaandika, "Halitatengenezwa tena. Aliyelijua hayupo. Itunzeni hiyo mashine kadiri mwezavyo. Poleni sana." Akaongeza jina la programu nyingine wanayoweza kuijaribu, iliyo bora kuliko yake.

"Nani huyo unamwandikia na uso wa msiba?" mama mkwe aliuliza.

"Zahanati. Wanatumia kazi ya mwanao."

Mama mkwe akajiinua kidogo. "Mpaka leo?"

"Mpaka leo, Mama. Mpaka mashine yao itakapokufa."

"Na baada ya hapo?"

Mama Seva akaituma barua. "Baada ya hapo hakuna."

Mama mkwe akalivuta karibu beseni la nguo, akachukua shuka kwa ncha mbili na kumnyooshea mkwewe zile nyingine. Wakalikunja.