Mnyama wa Kale Mikononi mwa Baba

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo hainitoki akilini. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kibwezi kutoka chuoni, nilikokuwa nikisomea visukuku, yaani alama za viumbe wa kale zilizobaki ndani ya mawe. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Watu walikuwa wamemwambia kwamba binti yake anachimba mawe ili amkane Mungu, naye akaninyamazia. Salamu aliitikia, basi. Sijui kama umewahi kukaa na mtu unayempenda akiwa kimya hivyo.

Nilikuja nimejiandaa kubishana. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, alinisikia jikoni nikijisemea hoja zangu.

"Maneno ameshasikia ya kutosha," akaniambia. "Mpelekee hicho kitu chenyewe."

Kitu chenyewe kilikuwa nakala ya plasta niliyoichapa chuoni juu ya jiwe lililotoka jangwa la Namibia: umbo kama jani, lenye mistari laini, la mnyama aliyeishi kabla mifupa haijakuwako duniani.

Nilimkuta Baba shambani akielekeza maji kwenye bamia. Akanawa mikono mferejini, akaipokea ile nakala. Akafumba macho, akapitisha kidole juu ya ile mistari, polepole sana. Maji yalifurika matuta, asiyajali.

"Aliishi wapi huyu?"

"Chini ya bahari, Baba. Hakuwa na macho wala mdomo. Wakati huo viumbe walikuwa hawajaanza hata kuumana."

"Na hakuna mtu aliyemwona?"

"Hakuna."

Akakaa juu ya tuta, bado ameishika, nami nikakaa kando yake. Jua lilikuwa jepesi juu ya bamia, nami nikahisi kana kwamba tumekaa wawili ndani ya yale maji ya kale, hatuna haraka.

"Basi Mungu peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama muda huo wote," akasema. Akanirudishia kwa mikono miwili. "Endelea kutafuta. Ukipata mwingine, uniletee nimwone."

Nilimletea wengi, hadi alipofariki.

Mwanangu, ukitofautiana na mtu wa kwenu, usimwendee na hoja ulizonoa njiani. Mpe mkononi kile unachokipenda, kisha nyamaza, akiangalie kwa muda wake. Akikataa leo, rudi siku nyingine. Mungu akujalie kazi inayokuamsha na furaha, na nyumbani usikose wa kukuuliza umepata nini.