Chupa ya Tatu ya Mjapani

Mjapani aliyechimba kisima cha kijiji chetu nilimgombeza siku ya kwanza alipokanyaga uani kwangu. Alikuja Jumapili kutafuta pombe kama watu wengine, akakaa kwenye kigoda, akapiga funda moja, akakunja uso. Nikamwambia usinikunjie uso, bwana fundi, hiyo ni kazi ya mikono yako. Maji yako ndiyo yameniharibia pombe.

Sikuwa na adabu, najua, lakini nilikuwa nimechoka. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini mwaka uliotangulia, sisi wa upande wa Mungaa. Lori lilikuja, tukapakia kinu, kuku na mitungi, mama mkwe wangu akapandishwa juu ya mizigo amekumbatia kibuyu chake, na nyumba yetu ya tembe ikabomolewa tukiiona ili tusitamani kurudi. Tuliahidiwa shule, zahanati na maji. Maji yalikuja, siwezi kusema uongo. Ila yalikuwa na chumvi. Chai ina chumvi, uji una chumvi, sabuni haitoi povu. Na pombe ya mtama, ile aliyonifundisha mama mkwe nilipoolewa, ambayo watu walikuwa wakiifuata hata kutoka Ihanja, sasa ikawa inachacha ovyo na kuacha ukakasi ulimini.

Mama mkwe aliionja mara moja tu, akatema. Akasema kwa Kinyaturu kwamba hatakunywa pombe tena mpaka apate ya kisima chetu, kile cha chini ya majabali kule tulikotoka. Alikuwa mzee sana. Macho yamekwisha, meno yamekwisha, ulimi tu ndio alioubakiza wa kuringia. Kila nikipika ananiuliza hii ni ya wapi. Nikimwambia ya hapa, anageukia ukutani. Jamani, iliniuma. Yule mama alinipokea nikiwa sijui hata kuotesha kimea, akanifundisha bila kunisema kwa majirani. Nikajiapiza kwamba hatakufa kabla sijamnywesha pombe ya kwao.

Fundi hakukasirika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha darasani kilichonyooka kuliko changu, kwamba baba yake naye alikuwa mpika pombe. Akaomba aje tena Jumapili nyingine anionyeshe kitu.

Akaja kweli, na chupa tatu ndogo alizotumiwa na ndugu zake, kila moja imeviringishwa kitambaa. Akamwamkia mama mkwe shikamoo huku ameinama mpaka nikaogopa ataanguka. Akaeleza kwamba ni pombe ya mchele, kwao wanaiita sake. Nilishangaa. Mchele kwetu ulikuwa wa Krismasi na Idi, au wa mgonjwa aliyekataa kila kitu, na hawa wenzetu wanauchachusha.

Kwanza tulibishana nani aanze. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina kitu ndani. Fundi yeye akanimiminia mimi, akangoja. Nikamwambia sinywi. Akasema kwao mtu hajimiminii mwenyewe. Basi tukaelewana hivi: mimi nimmiminie, yeye aonje, ndipo na mimi ninywe. Mama mkwe akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya lori.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maji, nikaidharau. Ilinikwaruza koo, kavu, haina utamu hata wa kusingizia. Ya pili ilinukia ndizi mbivu na ilishuka kabla sijaamua kuimeza. Nikamwambia ile ya kwanza ni ya wanaume wenye kesi, hii ya pili ni ya kupokelea wakwe. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: mchele wa chupa hizi mbili ni wa aina moja, upishi ni mmoja. Kilichotofautiana ni maji. Ya kwanza ni ya kisima cha karibu na bahari, maji magumu. Ya pili ni maji laini ya chini ya vilima.

Mama mkwe naye alionjeshwa zote mbili. Akasema watu wa ile ya kwanza lazima walihamishwa.

Nikamwuliza fundi maji magumu yanatibiwa na nini. Nikiyachemsha? Nikiyaacha yatulie mtungini? Nikitia majivu? Kila nilichotaja alitikisa kichwa.

"Mama, maji ya hapa yatabaki hivi hivi," akasema. "Nilichimba pale nilipoonyeshwa. Nisamehe."

Sikumsamehe siku hiyo. Nilifungua ile chupa ya tatu kwa hasira. Hiyo, akasema, ilitoka kijijini kwao hasa, maji yake ni ya barafu inayoyeyuka mlimani, na alikuwa akiitunza. Nikammiminia. Akashika kibakuli kwa mikono miwili, akafumba macho, akaonja. Akafumbua macho. Akaonja tena. Kisha akakiweka chini taratibu, akasema pengine joto la njiani limeiharibu.

Nilionja mimi. Haikuwa imeharibika, ilikuwa nzuri kuliko zile mbili, nami nikamwambia. Akanishukuru, akaniachia chupa yote, akaondoka jua likiwa bado kali. Nilidhani amemkumbuka baba yake.

Mvua zilipokwisha mama mkwe akawa hainuki. Alikuwa akinywa uji kidogo na maji, basi. Nikamwambia mume wangu naenda kutafuta kuni. Nikamswaga punda na madebe hadi kule kwetu, nikiwaza nitawajibu nini mgambo wakinikuta, maana kurudi mahame kulikatazwa. Sikumkuta mgambo wala mtu. Nyumba ilikuwa kichuguu cha udongo. Kisima kilikuwa kimekanyagwa na ng'ombe mpaka kikawa tope. Nikachimba kwa mikono chini ya jabali, nikangoja, maji yakaanza kujitokeza, machache, safi. Nililia pale nikiteka, na sioni haya kusema.

Pombe ile niliipika kama inavyopikwa kwa mahari. Nilichagua mtama punje kwa punje. Kimea nilikilowesha kwa maji yale yale, nikaosha mitungi kwa maji yale yale, nikamkataza kila mtu kuchovya chombo chake. Siku ilipoiva nikachuja, na kama desturi nikaonja kwanza.

Nilisimama na kata mkononi. Ilikuwa imechacha vizuri, haina ukakasi. Lakini ilikuwa imepooza, kama kitu kilichosahauliwa kuungwa. Nikaonja tena. Nikamkumbuka fundi na kibakuli chake. Nikajiambia ni mimi tu, ulimi wangu wa asubuhi, mama mkwe ataijua.

Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya kisima chetu. Maji niliyafuata mwenyewe."

Akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni kwa muda mrefu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Akameza.

"Hii si yetu, mwanangu," akasema. "Umenidanganya."

Nikamwapia. Nikamtajia jabali, tope, punda. Akawa ananipapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto mwongo.

"Haina kitu hii. Iondoe. Nipe maji."

Maji yaliyokuwepo ndani yalikuwa ya bomba, ya kisima cha Mjapani, yale ya chumvi. Nikamtekea. Akayanywa yote mpaka kata ikawa tupu, akalamba midomo, akaomba nimwongeze.