Kompyuta Iliyochaguliwa na Dereva wa Lori

Baba yangu angeweza kukwambia lori linalopanda kutoka Kisii ni la nani kabla halijatokea kwenye kona. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao nje ya nyumba yetu pale Keumbu, hatua chache tu kutoka barabarani, akisikiliza. "Huyo amechelewa kubadilisha gia," angesema. "Na huyu breki zinamlilia, hazifiki Desemba."

Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amebeba ndizi za watu hadi Nairobi. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Maneno yalirudi, kicheko kikarudi, mkono nao ukarudi polepole, lakini mguu ulikataa. Daktari akamwambia mambo ya kuendesha gari yameisha. Baba aliipokea habari ile kama mtu aliyeambiwa asiongee tena lugha ya kwao.

Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na vyuo vya kompyuta vilikuwa vimeanza kuchipuka Kisii mjini. Nikajiandikisha kwenye kimoja, juu ya duka la viatu, nijifunze kuchapa. Kuchapa nilijifunza, sikatai. Lakini kila Ijumaa mwalimu alitufungulia mchezo wa mashindano ya magari, na siku ile ya kwanza nilipobonyeza kishale na gari jekundu likaondoka, kichwani mwangu liliingia jambo moja tu: hii Tata anaiweza. Tata ndivyo tunavyomwita baba nyumbani. Mchezo huu haukuuliza habari za mguu. Uliuliza vidole tu.

Nilimwambia jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo gari linabeba mzigo?"

"Halibebi, Tata."

"Kwa hivyo linakimbia bure."

"Ee, linakimbia bure tu."

Akacheka, akatikisa kichwa, akanywa chai yake. Nilipokuwa naondoa vikombe akauliza kama mtu asiyejali, "Na gia liko nazo ngapi?"

Hapo nikajua ameshaingia.

Mama ndiye aliyekata shauri kwamba fahali auzwe, tununue kompyuta. "Afadhali aendeshe hilo la kwenye kioo," alisema, "kuliko kukaa hapo nje kama trafiki asiye na sare." Fahali tulikuwa na mmoja. Kwa hivyo ilikuwa lazima kompyuta hiyo idumu. Ikiungua, baba angerudi kwenye kiti chake cha mbao, na fahali wa pili hakuwepo.

Nilijaza kurasa mbili za daftari kwa orodha ya vipuri. Juu kabisa, kwa herufi kubwa na nyota pembeni, niliandika: KADI YA PICHA. Kwenye duka moja la mjini walikuwa wamewasha kompyuta yenye kadi hiyo, na nilisimama mbele yake mpaka watu wakaanza kunizunguka. Kwenye mchezo, maji ya ziwa yalimetameta. Miti ilikuwa na vivuli, na gari likipita chini yake, kivuli kilipita juu ya boneti. Nilimwona Tata akipita chini ya miti ile. Niliiota kadi hiyo, kweli, usingizini.

Siku ya kununua, Tata alikuja na fimbo yake. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kisii, mtu mzima mwenye miwani minene. "Bwakire buya," akatuamkia kwa Kikisii safi, akamtolea Tata kiti, kisha akaanza kutandaza vitu juu ya kaunta.

Nilidhani nitakuwa mkalimani wa Tata. Kumbe wapi! Mwenye duka alipotaja pawasaplai, kile kisanduku kinachogawia mashine umeme, Tata alinyoosha mkono wake mzima. "Lete nishike."

Vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kinang'aa, na maandishi ya dhahabu. Akakipima mkononi, akakirudisha. Cha pili kilikuwa cha kijivu tu, hakina sura. Akakinyanyua, akakishusha kidogo, akakinyanyua tena.

"Hiki ndicho. Kile kingine ni debe."

Mwenye duka alicheka mpaka akavua miwani. "Mzee, umesomea wapi haya? Hata mimi huchagua hivyo hivyo. Kikiwa kizito, ndani kuna shaba."

Kutoka hapo wakaelewana wao wawili, mimi nikabaki na daftari langu. Kila kitu kilichowekwa mezani, swali la Tata lilikuwa moja: "Ikifa hii, spea naipata hapa Kisii ama ni mpaka nitume Nairobi?" Kilichohitaji Nairobi alikisukuma pembeni kwa ncha ya fimbo. Kadi yangu ya picha ilisukumwa vivyo hivyo. Nilijifanya sijaona.

"Stima ya kwenu ikoje?" mwenye duka akauliza.

"Posho mill ikianza kusaga, taa ya kwangu inakuwa manjano kama ndizi iliyoiva. Ikizimwa, taa inaruka kama imeona nyoka."

"Basi huwezi kukosa stabilaiza ya kutuliza umeme. Bila hiyo, mashine haimalizi mwaka."

Nikatazama kilichobaki cha fahali wetu. Kilitosha stabilaiza au kadi, si vyote viwili. Machozi yalikuwa karibu, nitasema nini.

"Tata, nilitaka uone vivuli vya miti."

Akanigeukia. Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mama, miti mimi nimeiona. Nataka gari liwake kesho, na kesho kutwa."

Mwenye duka alikuwa amesikia. Alichukua mazabodi, ule ubao mpana ambao vipuri vyote huchomekwa, akanionyesha mfereji mmoja mwembamba. "Hapa tutaacha wazi. Kadi itakuja siku yake, itakuta kiti chake." Kisha akaanza kuunganisha mbele yetu, na Tata akasogeza kiti aone vizuri. Kilipofungwa kifeni kidogo, aliuliza, "Hiyo ndiyo rejeta?"

"Ndiyo, mzee. Hewa inaingia huku, joto linatokea huku nyuma."

Rafiki mmoja aliyefanya kazi na Tata zamani alitupeleka nyumbani kwa lori lake, lililokuwa limetoka kushusha ndizi. Kompyuta ilisafiri imelala juu ya majani makavu ya migomba. Jioni ile Tata aliwasha gari lake la kwanza baada ya miaka miwili. Kesho yake kile kiti cha mbao kilikuwa ndani, mbele ya monita, na malori yalipita pale nje bila kusemwa.

Sasa, nyumba zetu mnazijua. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Sofa zina vitambaa, redio ina kitambaa, hata thamosi inavaa. Mama alikaa wiki mbili akifuma kwa sindano yake: uzi mzito mweupe, mawaridi mekundu pembeni, tundu moja tu mbele la kubonyezea. Mimi mwenyewe, mwenye cheti cha kompyuta, ndiye niliyemshikia futi ya kupimia. Tulilivalisha kasha la kompyuta Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, likakaa sawasawa kama soksi mguuni. Nikasema imependeza.

Alasiri majirani wakaja kumwona dereva. Sebule ilijaa. Tata alikuwa ameendesha karibu saa nzima, anawapa hadithi za kila kona, mara kioo kikawa cheusi na feni ikanyamaza.

Nilibonyeza. Hakuna kitu. Taa ya stabilaiza ilikuwa inawaka, kwa hivyo stima ilikuwepo. Nilimwona fahali wetu, nikakiona kile kiti kikirudi nje, nikaanza kulia mbele ya watu wote, bila hata kujificha.

"Ngoja kwanza," Tata akasema. Aliinama, akaweka kiganja juu ya mawaridi. Akakiacha hapo kidogo, kama alivyokuwa akigusa boneti.

"Imechemka. Nani ameivalisha rejeta sweta?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka. "Niliona inakaa uchi," alisema kwa sauti ndogo, akitazama mikono yake.

Mimi nilikuwa nimeanza kuvuta kitambaa kwa pupa. Tata akanizuia. "Polepole, usikivute nyuzi. Kazi ya mtu hiyo." Kisha akamgeukia mama. "Unakumbuka kile ulichonifumia cha dashibodi? Barabara yote ile hakuna dereva aliyekuwa nacho. Hiki pia kitafanya kazi. Gari likilala gereji, livae. Likienda safari, livue. Na wewe ndiye mwenye ufunguo wa gereji."

Tukanywa chai, kwa sababu injini iliyochemka haiharakishwi. Majirani walikunywa wakiitazama kompyuta kama mgonjwa. Tata alikuwa anaigusa kila baada ya muda, na mara ya tatu akaniitikia kwa kichwa: sasa.

Nilibonyeza. Feni ikavuma.

Mama alikuwa ameketi kando ya Tata, kitambaa kimekunjwa mapajani. Tata aliondoka taratibu, akapunguza mwendo kila kona, akawapisha wenzake wote wapite. Alipovuka mstari, maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Yanasemaje?" akaniuliza.

"Umekuwa wa nane, Tata."

"Kati ya wangapi?"

"Wanane."

Akaegemea nyuma ya kile kiti cha mbao, akamtazama mama.

"Lakini tumefika," alisema. "Haya, valisha."